Nzi mwenye ndevu anakamata nyuki wangu, haya madonge meupe kwenye nyasi ndo mayai yake?

Mrina wa Sikonge
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa mwenye kujua mambo ya wadudu. Mimi nafuga nyuki huku Sikonge, Tabora, nina mizinga ishirini na kitu, mingine ya magogo mingine ya kisasa, na pembeni nina mahindi ekari mbili. Sasa tangu mvua zikolee kuna nzi mmoja mkubwa hivi, mrefu kama kidole cha mwisho, miguu ina manyoya, macho makubwa na usoni ana ndevu kabisa kama mzee wa baraza, huwa anakaa kwenye bua kavu karibu na mizinga katulia tu kama hana shida na mtu, nyuki akipita anachomoka anamdaka hukohuko hewani anarudi naye palepale, anamchoma na lile domo lake kama shazia la kushonea magunia kisha anamfyonza taratibu, akimaliza anaachia ganda linadondoka. Jana nimekaa nusu saa nikahesabu maganda manne chini ya bua moja.

Hilo moja. La pili ndo limenileta hapa. Leo asubuhi nimemkuta mmoja kwenye bua la nyasi ndefu, sio la kuwindia, mkia kaubandika kwenye bua anatoa kitu cheupe kama povu, nikasubiri mpaka kaondoka nikaenda kuangalia. Ni donge dogo jeupe kama mtu kapaka chokaa, likikauka linakuwa gumu kidogo. Nimezunguka nikaona mengine kama sita hivi, yote juu juu kwenye nyasi, na moja lipo kwenye waya wa uzio. Nimebandua moja nikalivunja kwa kucha, ndani kuna vitu vingi vidogo virefu kama punje za mchele ila vidogo mno.

Swali: ni mayai yake? Yakianguliwa nitakuwa na jeshi zima la hawa jamaa kwenye mizinga? Nichome nyasi zote ama nifanyeje?

Babu Kinyozi
Ndorobo hao mkuu. Huko kwenu Tabora si ndo kwao, utapata malale bure. Choma nyasi, choma na uzio.

Mama Shamba Mbozi
Hahaha babu umetisha. Mdogo wangu mrina usichome kitu, hayo ni mayai ya vunjajungu, nimeyaona sana kwenye miti ya kahawa, povu linatoka halafu linakauka. Vunjajungu ni rafiki wa shamba. Yaache.

Mwl wa Wadudu
Wakuu salaam. Nafundisha baiolojia sekondari na wadudu ndo ugonjwa wangu kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Nianze na babu. Sio ndorobo. Ndorobo akitulia mabawa yake yanalaliana juu ya mgongo kama mkasi uliofungwa, ananyonya damu, na kingine kikubwa, ndorobo hatagi mayai kabisa! Jike linabeba mtoto mmoja tumboni, linamlisha humohumo kwa kitu kama maziwa, kisha linamzaa akiwa buu mzima aliyeshiba, buu anajichimbia ardhini na muda si mrefu anageuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla hajawa nzi. Mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa kumi hivi. Kwa hiyo ukiona nzi anataga donge la mayai kwenye nyasi, babu, ndorobo mtoe kwenye orodha.

Mama Shamba hujakosea sana maana povu linalokauka ni kweli la vunjajungu pia. Ila lile huwa la kahawia au rangi ya majani makavu, limepangika kwa mistari, na wakitoka wanatoka vunjajungu wadogo wenye miguu na shingo tayari, wanafanana na mama yao. Hili la mrina ni jeupe la chokaa, na jamaa kamuona mtagaji kwa macho yake, hapo ubishi umekwisha.

Huyo nzi ni wa familia inayoitwa Asilidae. Kwa Kiswahili mimi huwa nawaita nzi jambazi, kama una jina la kwenu lilete. Wapo zaidi ya spishi 7,000 duniani na Afrika wamejaa. Hizo ndevu sio urembo, zinamkinga uso wakati anapambana na mdudu mwenye mwiba kama nyuki. Akishachoma anaingiza mate yenye sumu, nyuki anapooza, na mate hayohayo yanayeyusha nyama ya ndani inakuwa supu anafyonza. Binadamu hatufuati, lakini ukimkamata kwa mkono na kumbana atakuchoma na utamkumbuka.

Kwa maelezo yako, mkubwa, ana manyoya, anataga juu ya mmea na kufunika kwa kitu cheupe, hilo ni kundi la akina Promachus na ndugu zao. Jeupe hilo ni ute anaotoa pamoja na mayai, ukikauka unakuwa gamba.

Msidhani wote wanataga hivyo lakini. Hapa kila mmoja na fundi wake. Wengine jike ana mkia mrefu bapa kama kisu, anauchomeka kwenye ala ya jani la nyasi au kwenye maua makavu na kuficha mayai humo. Wengine wana miiba midogo kwenye ncha ya mkia, wanachimbua mchanga, wanataga, kisha wanafagia mchanga kwa mkia huohuo kufunika, ukipita huoni kitu. Na wapo wembamba kama uzi hao hawana habari, wanadondosha yai moja moja popote walipo kama mtu anayemwaga karanga njiani.

Mrina wa Sikonge
Mwalimu asante sana, hapo nimekupata. Lakini hujanijibu la jeshi. Yakianguliwa je?

Mkulima Msasa
Mkuu mbona rahisi. Piga dawa ya viwavi kwenye nyasi zote na shambani, siku mbili umesahau. Mwalimu anakupa darasa wakati nyuki wanaliwa.

Mwl wa Wadudu
Msasa ndugu yangu, dawa ya kuua nzi kwenye nyasi za pembeni ya mizinga ishirini unadhani nyuki watabaki wanaimba? Jambazi mmoja anakula nyuki kadhaa kwa siku, malkia mmoja msimu wa maua anataga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Hiyo dawa yako ndo itamaliza kundi.

Mrina, jeshi halitakuja kwenye mizinga. Na hapa ndo pananifurahisha mimi. Kutoka kwenye donge hakutoki nzi, kinatoka kibuu kidogo mno, cheupe, hakina miguu, hakina bawa, kinajiangusha. Ndo maana ya kutaga juu! Kikiachia kutoka juu ya nyasi upepo unakitawanya, wanaangukia huku na huku badala ya kurundikana sehemu moja. Kikigusa udongo kinazama. Huko chini ndo maisha yake yote ya utoto, na huko chini anawinda kama mama yake, ila hawindi nyuki. Anakula mabuu ya wadudu wengine, hasa wale funza weupe wanene wa mbawakawa, unawajua ukilima, wamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele, wanaokula mizizi ya mahindi mpaka mmea unanyauka na mvua inanyesha.

Kwa hiyo huyohuyo anayekuibia nyuki juu, watoto wake wanakulindia mahindi chini. Piga hesabu mwenyewe.

Mrina wa Sikonge
Duh! Hao funza weupe ninao, tena sana, kuna mistari upande wa kichuguu mahindi yamelala na ukivuta yanang'oka bila mizizi. Sasa nikilima nitamjuaje huyo mtoto wa jambazi nisimuue? Maana mimi kila cheupe nikikutana nacho kwenye udongo huwa napasua kwa jembe.

Mwl wa Wadudu
Swali zuri kuliko yote. Funza wa mbawakawa kajikunja, mnene, ana miguu sita. Mtoto wa jambazi kanyooka, mwembamba, mviringo, kachongoka mbele na nyuma, hana mguu hata mmoja, na kichwa ni kidoa kidogo cheusi au cha kahawia, ukimweka kiganjani anajinyonganyonga. Kuna mwingine wa tatu atakuchanganya, mwembamba wa manjano au kahawia, mgumu kama waya, huyo ana miguu sita midogo na wengi wao ni walaji wa mizizi. Angalia miguu basi, kwa udongo wa shamba lako hiyo inatosha kukusaidia.

Anajivua ngozi mara kadhaa akikua, kwa nzi hawa hatua za ubuu zinaweza kuwa tano mpaka nane kutegemea aina, na chini huko anaweza kukaa mwaka mzima, wengine miaka miwili hata mitatu. Halafu akiwa nzi anaishi wiki chache tu. Yaani huyo unayemuona anajidai kwenye bua ni mzee aliyestaafu, ujana wote kaumalizia gizani.

Pupa yake nayo ni kituko. Haimo ndani ya kidonge kama ya nzi wa chooni, iko wazi, unaona umbo la mabawa na miguu, na ina miiba kichwani na mikanda ya miiba tumboni. Siku ikifika inajisukuma kwa miiba hiyo kuja juu mpaka nusu inachomoza nje ya udongo, inapasuka mgongoni, nzi anatoka, ganda linabaki limesimama pale. Mwaka kesho mvua zikianza tembea asubuhi uangalie chini, utayaona maganda ya kahawia yamesimama kama vijiti vilivyochomekwa.

Mrina wa Sikonge
Wee mwalimu!! Hayo nimeshayaona mwezi wa kumi na mbili wakati wa palizi, nikajua ni maganda ya nyenje.

Mwl wa Wadudu
Inawezekana ni ya nyenje pia, ya nyenje yanapanda juu ya mti na yana miguu ya mbele kama makoleo. Haya yanabaki chini na miguu imegandamana na mwili.

Mtu wa Kwale
Assalam aleikum wanajamvi, nasoma hapa kimya kimya toka jana. Kuna kitu nimekiona huku kwetu Kwale na sasa hivi ndo nakielewa. Nyumba ya mzee wangu ina nguzo za mbao na wale nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao tundu la mviringo safi kama limepigwa na keke, wamefanya maskani hapo miaka. Siku moja namuona mmoja mweusi vilevile, mkubwa vilevile, kakaa nje ya tundu, nikadhani ni mwenye nyumba. Kumbe kamshika mwenzake anamfyonza! Nikawaambia watu nyuki anakula nyuki wakanicheka wallahi mpaka leo wananiita nyuki. Huyo naye ni jambazi?

Mwl wa Wadudu
Wa aleikum salaam. Wewe umekutana na Hyperechia, na ni wa huku kwetu Afrika kweli, wengine wapo Asia. Kavaa sare ya nyuki wa mbao, weusi, unene, manyoya, mpaka mlio akiruka. Tofauti ni hizi: nzi ana mabawa mawili tu na nyuki ana manne, vipapasio vya nzi vifupi, na usoni pana zile ndevu na domo gumu.

Na utoto wake ndo balaa. Wenzake wengi wanaishi ardhini, huyu jike lake linataga palepale kwenye makazi ya nyuki wa mbao, buu linaingia ndani ya handaki na kula watoto wa nyuki mmoja baada ya mwingine. Wale nyuki wanagawa handaki kwa vyumba, kila chumba mtoto mmoja na mkate wake wa chavua, sasa jambazi linatoka chumba hiki linaingia kile. Jamaa zake wengine, akina Laphria, wanataga kwenye nyufa za magogo yanayooza na mabuu yao yanafukuzana na funza wa mbawakawa ndani ya mbao.

Kwa hiyo waambie waliokucheka wakuombe radhi.

Mtu wa Kwale
Naprinti hii naibandika msikitini 😂 Na mzee nitamwambia asiwaue, wamsaidie kupunguza watoboa nguzo.

Mkulima Msasa
Sawa mwalimu nimekuelewa, ila usitufanye tuwapende kupita kiasi. Mimi nilisoma mahali kwamba Argentina huyu nzi ni janga kwa wafuga nyuki. Au uongo?

Mwl wa Wadudu
Sio uongo, na nakupa heko kwa hilo. Kule kwenye nyanda za Pampas yupo mmoja anaitwa Mallophora ruficauda, mnene ana manyoya, na wafuga nyuki wanamlalamikia sana. Hasara yenyewe haiko kwenye wale anaowala peke yake, nyuki wakishamuona mlangoni wanaogopa kutoka, na siku nyuki hawatoki ndo siku asali haiingii.

Lakini kule ndiko walikomchunguza utoto wake vizuri kuliko karibu popote, na inafanana sana na ulichokiona Sikonge. Jike linatafuta nyasi ndefu au waya wa uzio, ndio mrina, waya wa uzio kama wako, linataga donge jeupe, na kimo linachokipenda ni kama mita moja na robo mpaka moja na nusu kutoka chini. Watafiti waliona kimo hicho ndo kinawatawanya watoto vizuri zaidi kwa upepo. Buu akianguka hatua yake ya kwanza hatafuti mtu, anatulia udongoni mpaka avue ngozi. Akifika hatua ya pili ndo anaanza kunusa, na anachonusa ni harufu inayotoka kwenye utumbo wa nyuma wa funza mweupe, kule ambako chakula kinachacha. Anafuata hiyo harufu ndani ya udongo bila macho, akimpata anajibandika kwake kama kupe na kuanza kumla polepole. Funza mmoja ndo mtaji wake mzima.

Kwa hiyo Msasa jibu langu ni hili, wawili watatu waache, wakizidi usiue, ondoa kigoda. Fyeka nyasi ndefu na mabua makavu mbele ya mizinga, hatua ishirini thelathini hivi, hana pa kukaa kuvizia na hana pa kutagia. Nyasi za upande wa mahindi ziache zisimame.

Mama Shamba Mbozi
Hapo mwalimu umemaliza. Mrina haogopi nyuki, sembuse nzi.

Mrina wa Sikonge
Wakuu nimerudi na mrejesho baada ya siku kadhaa. Mbele ya mizinga nimefyeka, jambazi wamehamia kwenye uzio wa mbali, maganda yamepungua, sasa naokota moja moja tu.

Ila kuna lingine. Siku ileile nilikata mabua mawili yenye madonge nikayasimamisha kwenye chupa ya asali tupu, nikafunga kitambaa juu, nikaweka dirishani. Mke wangu akasema nimechanganyikiwa. Juzi asubuhi naangalia naona chini ya chupa kama kuna vumbi linatembea! Nikachukua ile lensi ya kusomea ya marehemu baba, ni mabuu, wadogo kama ncha ya sindano, weupe wanang'aa, hawana miguu, wengine bado wanatoka kwenye donge wananing'inia kidogo halafu wanaachia, puu, kama mwalimu alivyosema. Nilikuwa nimechelewa kwenda kwa mteja lakini nilishindwa kuondoka. Nikapuliza kidogo tu kwa mdomo wakatawanyika chupa nzima.

Nikangoja jua lishuke kidogo nikaenda nao upande wa kichuguu, pale mahindi yaliponyauka. Nikachimba kwa mkono nikakuta funza wa C wanne kwenye shina moja. Nikawarudishia udongo, nikainua chupa juu kimo cha kifua nikaigeuza. Upepo ukawachukua, kufumba na kufumbua siwaoni tena. Nimechomeka kijiti pale ili mwaka kesho niangalie kama kuna maganda yamesimama.

Mwl wa Wadudu
Mkuu wewe njoo unifundishie kidato cha pili. Picha ya hilo donge tafadhali kabla mvua haijalibomoa, na ya hao mabuu kama lensi inakubali kwenye simu.

Babu Kinyozi
Mimi bado nasema ndorobo.

Mtu wa Kwale
😂😂😂 Babu acha.

Mama Shamba Mbozi
Mrina mdogo wangu swali la mwisho, hiyo chupa uliiosha? Maana nina oda yangu ya lita tano kwako.